Askari wa zamani chuoni wapewe pa kukutania

Mhariri,

Ukitaja askari mstaafu, wengi humwona mzee wa mkongojo mwenye medali kifuani. Hapa Marekani ninakosoma, mstaafu ninayekaa naye darasa moja ana miaka 27, watoto wawili, na hapendi kuupa mlango mgongo. Wanafunzi wenzake wana miaka 19. Watapiga soga gani?

Karo si tatizo kubwa. Tangu 1944, Rais Franklin Roosevelt aliposaini sheria ya GI Bill, serikali huwasomesha waliotoka jeshini. Mpango wa sasa, ulioanza 2009, hugharamia hadi miezi 36 ya masomo. Kinachowasumbua ni upweke. Jeshini ulikuwa na kikosi, chuoni una namba ya usajili.

Ndiyo maana nawapongeza wanaokutana Jumamosi kuokota taka kando ya mto, kufunga vyakula vya msaada na kusafisha makaburi ya askari wenzao. Nilijiunga nao siku moja, mimi ambaye sijashika hata rungu la mgambo. Kazi ilikwisha saa sita mchana. Nyama choma na utani vikaendelea mpaka jioni. Hakuna aliyemuuliza mwenzake alipigana wapi.

Chama chao cha kitaifa, Student Veterans of America, kipo tangu 2008, lakini kundi la hapa kwetu bado linakutania kwenye maegesho ya magari. Wakuu wa vyuo, watafutieni chumba, hata kama ni stoo.

Mwanafunzi, Texas