Usitie saini kwanza, shoga

Mwanaidi shoga yangu, salaam aleikum. Najua nimekunyamazia sana, huku Malindi wote wazima, Bi Khadija ametoka hospitali anakusalimu, mengine tutaongea. Naandika mbio mbio kwa sababu Salma kaniambia wataka kutia saini na yule mnunuzi wa mchuzi wa zabibu (yale maji yake ya kutengenezea mvinyo) huko Dodoma, na tani za shamba lenu mumezikadiria kwa picha za setilaiti peke yake. Tafadhali ngoja kidogo.

Si kwamba picha zadanganya. Wajua mimi hizi mambo nazipenda tangu shule, tulipoambiwa setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa hapa Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970, ingawa ile ilikuwa ya kutazama nyota. Hizi za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya za kutazama ardhi, zapita kila siku 5 na picha ni bure, mimi mwenyewe naangalia miembe ya ami nazo. Lakini zinachopima ni majani. Jani zima lameza mwanga mwekundu na kurudisha ule wa infraredi tusiouona, basi hesabu yatoka hapo, na vishada viko chini ya majani havionekani kabisa, mzabibu waweza kujaa majani na zabibu zikawa haba. Tena pikseli moja, ile nukta ndogo kabisa ya picha, ni mita 10 kwa 10, na mistari ya mizabibu kawaida hupishana mita 2 au 3, kwa hivyo mzabibu, mchanga na magugu vyote vyatoka rangi moja. Sasa fikiria haya mavuno ya mwezi wa tatu, mvua zanyesha, magugu yamesimama, shamba laonekana limenawiri na kumbe ni nyasi, na siku nyingine ni mawingu matupu. Ya mwezi wa nane afadhali, nyasi zimekauka.

Picha itumie kugawa shamba, wapi pana nguvu wapi pamedhoofu, halafu kila sehemu muhesabu vishada kwenye mashina kadhaa, mupime uzito, ndipo muzidishe kwa mashina yalo hai. Tani za kwenye mkataba zitoke hapo, shoga, sio kwenye rangi ya kijani.

Sasa niambie, lile daftari la mavuno la babako bado lipo? Waweza kunipigia picha kurasa zake nilinganishe na picha za miaka hiyo? Mulipogoa lini, na shamba lote siku moja ama vipande vipande? Mashina mangapi yamekufa? Na huo mkataba, tani zikipungua wasema utalipa nini?

Wako,
Zuhura