Wifi yangu, Frida hakustahili yale

Wifi yangu,

Nimeimaliza ile The School for Good Mothers, riwaya ya kwanza ya Jessamine Chan iliyotoka 2022, na bado sikubaliani nawe. Ulisema Frida, mhusika mkuu, kajitakia mwenyewe: mama gani anamwacha mtoto wa miezi 18 peke yake nyumbani zaidi ya saa mbili? Sawa, kosa ni kosa, wala mwandishi hakulificha. Kaliweka mwanzoni kabisa, na nadhani ni makusudi, ili mimi na wewe tumhukumu kwanza, kisha tuone serikali inavyoichukua hukumu yetu na kuifanyia kazi.

Na inaifanyia kazi kweli. Maofisa wanafunga kamera nyumbani kwa Frida, pale Philadelphia, halafu jaji anampeleka mwaka mzima kwenye shule ya kurekebisha akina mama. Huko kila mmoja anapewa roboti mwenye umbo la mtoto, analia, anakimbia, na mwilini ana maji ya buluu ambayo mama lazima ayabadilishe. Roboti huyo ndiye shahidi. Mapigo ya moyo ya mama yanapimwa, uso wake unasomwa, kisha takwimu zinaamua kama ana upendo wa kutosha. Hata kukumbatia kunafundishwa na kusahihishwa. Jumapili wana dakika 10 tu za kuongea na mtoto wa kweli kwa simu ya video, nazo zinaweza kufutwa kama adhabu. Hapo nilikifunga kitabu nikaenda kufua.

Yupo mama aliyefikishwa pale kwa sababu mwanawe alianguka akavunjika mkono. Kwa kipimo hicho mama mkwe wako asingebaki na mtoto hata mmoja, na huyo mumeo angelelewa na wengine.

Unasema ni njozi tupu. Roboti ni njozi, ndiyo. Lakini sheria ya Marekani ya 1997 inayataka majimbo, isipokuwa kwa sababu maalumu, yafungue kesi ya kumvua mzazi haki zake mtoto akishakaa kwenye malezi ya kambo, yaani kwa walezi waliowekwa na serikali, miezi 15 kati ya 22 ya karibuni. Na Romania, mwaka 1966, kiongozi wa nchi, Ceaușescu, alitoa Amri namba 770 iliyowapiga marufuku wanawake wengi kutoa mimba, kwa kuwa dola ilitaka watoto zaidi. Kule walishika uzazi; Chan anawaza wakishika na malezi.

Katikati kitabu kinachosha, sikatai. Masomo yanarudiwa mno, na walimu wote wanaongea sauti moja. Ila ukifika kwenye shule ya akina baba, ambako masharti yamelegezwa, tulia usome polepole. Najua hujafika huko, maana ungeshanipigia simu unafoka.