Shauri la MGM halijaiua filamu ya The Hobbit

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Ukurasa wako wa burudani wa wiki hii umeandika kwamba studio ya MGM ya Marekani imefilisika na kwa hiyo filamu ya The Hobbit, inayotokana na kitabu cha J.R.R. Tolkien, mwandishi yule yule wa The Lord of the Rings, imekufa. La kwanza ni kweli. La pili si kweli, na linawavunja watu moyo bure. Vijana wa Unguja na Pemba wanaingoja filamu hii tangu Disemba 2003, ilipotoka sehemu ya tatu ya The Lord of the Rings, na sasa barazani hakuna linalozungumzwa ila msiba. Naomba nafasi nieleze mambo yalivyo, kwa sababu hatua ile ya mahakamani ndiyo habari nzuri ya kwanza kutoka MGM kwa zaidi ya mwaka.

MGM ilifungua shauri katika mahakama ya ufilisi ya New York Jumatano, tarehe 3 Novemba 2010, chini ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani. Hapo ndipo mwandishi wako alipoteleza. Inayoizika kampuni ni Sura ya 7: mali yote huuzwa, wadai wakagawana kilichopatikana, ofisi ikafungwa. Sura ya 11 huiacha kampuni iendelee na kazi zake huku madeni yakipangwa upya mbele ya jaji. Tena MGM ilikwenda mahakamani na mpango ambao wadai wenyewe walikuwa wameshaupigia kura na kuupitisha, kura zikafungwa tarehe 29 Oktoba. Ndiyo maana kampuni inatarajia jaji auidhinishe ndani ya mwezi mmoja hivi, ilhali mashauri ya aina hii yanayoanza kwa ugomvi huweza kuburuzwa kwa miaka.

Kwa mpango huo, deni la zaidi ya dola bilioni 4 linafutwa. Badala yake wadai, yaani mabenki na mifuko ya uwekezaji, wanachukua takriban asilimia 95 ya hisa za studio. Walioinunua MGM mwaka 2005, wakiwemo Sony na makampuni ya uwekezaji ya Providence na TPG, wanatoka bila ya kitu. Uendeshaji wanakabidhiwa Gary Barber na Roger Birnbaum wa kampuni ya filamu ya Spyglass, na studio iliyopunguziwa mzigo inakusudia kukopa kiasi cha dola milioni 500 ili irudi kutengeneza filamu. Tajiri Carl Icahn, aliyekuwa akiwavuta wadai waunganishe MGM na studio nyingine ya Lions Gate, ameshaukubali mpango huu baada ya kurekebishwa. Kwa hiyo mpinzani mkubwa ameshaondoka njiani.

Deni lenyewe lilitoka wapi? MGM ilinunuliwa mwaka 2005 kwa karibu dola bilioni 5, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo uliobebeshwa studio yenyewe. Wanunuzi walipiga hesabu kwa kutegemea hazina ya filamu za zamani, zaidi ya 4,000, ambazo mauzo yake ya DVD yangelipa riba mwaka hadi mwaka. Kisha mauzo ya DVD yakaporomoka Marekani, na riba ikabaki pale pale. Mwaka 2009 studio ilianza kuwaomba wadai muda, muda ukaongezwa tena na tena. Ilipotiwa sokoni, Time Warner, kampuni mama ya studio ya Warner, ilitoa dola bilioni 1.5, wadai wakakataa.

Kipindi chote hicho hakuna aliyeweza kuidhinisha filamu kubwa, na sababu yake wasomaji wengi hawaijui. Siku idhini ya kuanza inapotiwa saini, mikataba ya mwongozaji na waigizaji wakuu huanza kufunga, na mara nyingi studio hulazimika kuwalipa hata kama filamu haitapigwa. Seti zinajengwa, mavazi yanashonwa, mafundi wa kompyuta wanaajiriwa. Gharama ya filamu mbili za The Hobbit inatajwa kufika dola milioni 500. Studio ambayo kila senti yake inadaiwa haina mamlaka ya kuahidi fedha kiasi hicho, na wadai waliokuwa bado wanavutana juu ya nani aichukue wasingeiruhusu.

Mtu atauliza: Warner, mshirika wa MGM katika filamu hizi, ina fedha, mbona isitengeneze peke yake? Jibu liko kwenye haki za kitabu, na hapa naomba uvumilivu, maana hiki ndicho kiini cha ucheleweshaji wote. J.R.R. Tolkien, aliyekitoa kitabu mwaka 1937, aliiuzia kampuni ya United Artists haki za filamu mwaka 1969. Mwaka 1976 haki za kutengeneza zilihamia kwa mtayarishaji wa filamu Saul Zaentz, lakini haki za kusambaza The Hobbit zilibaki United Artists. MGM iliinunua United Artists mwaka 1981, ikazirithi. Mwongozaji Peter Jackson alipotengeneza The Lord of the Rings, studio ya New Line ilikuwa na ruhusa iliyotoka kwa Zaentz, na kwa kitabu kile ikamtosha. Kwa The Hobbit haikutosha. Ni sawa na nyumba ya mirathi ya Mji Mkongwe, mrithi mmoja ana ngazi na mwingine ana mlango. Hata chokaa haipakwi mpaka wote wakae kitako.

Walikaa kitako Disemba 2007. Kabla ya hapo Jackson alikuwa ameishitaki New Line mwaka 2005 juu ya mahesabu ya mapato ya sehemu ya kwanza ya The Lord of the Rings, na kwa miaka miwili hawakuweza kufanya kazi pamoja. Shauri lile lilimalizwa kwa suluhu, na siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba New Line na MGM zitagharimia filamu mbili nusu kwa nusu, MGM ikisambaza nje ya Marekani. Miezi michache baadaye New Line ilimezwa na Warner. Mwaka 2008 pia wasimamizi wa mali ya Tolkien waliishitaki New Line kwa kutolipwa sehemu yao ya mapato, nao wakasuluhishwa Septemba 2009. Kwa hiyo kila fundo lilipofunguliwa lingine lilikuwa linakazwa, na la mwisho, deni la MGM, ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Gharama ya kungoja ilionekana wazi. Guillermo del Toro aliteuliwa kuongoza Aprili 2008, akahamia New Zealand, akaandika mswada pamoja na Jackson, Fran Walsh na Philippa Boyens, akachora viumbe na majengo. Tarehe 30 Mei 2010 aliondoka, kwa sababu tarehe ya kuanza ilikuwa haijulikani na kazi zake nyingine zilikuwa zinamponyoka. Nilisikitika, maana ni fundi wa kweli wa hadithi za ajabu. Watayarishaji wa James Bond, ambao nao wanaitegemea MGM, walisimamisha filamu yao ya 23 mwezi Aprili. Hata filamu za MGM zilizokwisha kupigwa, Red Dawn na The Cabin in the Woods, ziko kabatini, kwa kuwa kumaliza kupiga hakutoshi: lazima kuwe na fedha za matangazo na za kuchapa maelfu ya kopi za milimita 35, na kila kopi ni zaidi ya dola elfu moja.

Sasa tizama kilichotokea mwezi uliopita. Tarehe 15 Oktoba idhini ya kuanza ilitangazwa: filamu mbili, mwongozaji ni Jackson mwenyewe, kuanza kupiga Februari 2011, kutoka Disemba 2012 na Disemba 2013. Mwigizaji Martin Freeman akatangazwa kuwa Bilbo, mhusika mkuu wa hadithi. Wakati huo huo kulikuwa na mgogoro wa vyama vya waigizaji, ambavyo vilikuwa vimewaambia wanachama wasikubali kazi hii mpaka mikataba yao izungumzwe kwa pamoja, na Warner ikatishia kuihamisha filamu kutoka New Zealand. Tarehe 27 Oktoba Waziri Mkuu John Key alitangaza makubaliano: unafuu zaidi wa kodi, hadi dola milioni 7.5 za Marekani kwa kila filamu, na sheria ya kazi kubadilishwa. Bunge liliipitisha tarehe 29, siku ile ile ambayo kura za wadai wa MGM zilifungwa. Sheria ya kazi kubadilishwa haraka namna ile kwa ajili ya filamu mbili inanitia wasiwasi kwa upande wa wafanyakazi, na hapo ndipo gazeti lako lingepata habari ya kuandika.

Kwa hiyo fedha, haki, mwongozaji na mahali, vyote vinne vimepatikana ndani ya wiki tatu. Hofu iliyobaki ni ya muda. The Lord of the Rings ilianza kupigwa tarehe 11 Oktoba 1999, ikamalizika tarehe 22 Disemba 2000, na sehemu ya kwanza ikaingia sinema Disemba 2001. Hiyo ni miezi 26 tangu kamera ya kwanza kuwashwa. Safari hii, kutoka Februari 2011 hadi Disemba 2012, ni miezi 22 tu, na filamu zitakuwa za 3D. Kwa 3D kila tukio hupigwa kwa kamera mbili, moja ya jicho la kushoto na moja ya jicho la kulia, na mafundi wa kompyuta wanalazimika kuhakikisha kila kiumbe wanachokitia kinakaa sawasawa katika picha zote mbili. Kazi inaongezeka, muda umepungua. Tena Freeman ana mkataba wa mfululizo wa televisheni wa Sherlock na BBC, kwa hiyo lazima ratiba imwachie nafasi arudi Uingereza. Kuanza kukisogea wiki chache, Disemba 2012 bado inawezekana. Kukisogea mpaka katikati ya mwaka, mimi sitaiamini tena tarehe hiyo.

Anayetaka kufuatilia aangalie mambo haya kwa mpangilio wake: uamuzi wa jaji wa New York kuhusu mpango, kutangazwa rasmi kwa Ian McKellen, aliyekuwa mchawi Gandalf katika The Lord of the Rings, maana mpaka naandika jina lake halijatajwa, kisha taarifa kwamba kamera zimeanza kufanya kazi. Picha nzuri za matangazo za intaneti zenye maandishi ya dhahabu si ushahidi wa lolote.

Hapa naja kwenye jambo linalotugusa mifukoni. Sikukuu ya Idd el-Hajj imefika mlangoni, na Darajani na kwenye vibanda vya video vya Ng'ambo zinauzwa diski zenye jina la The Hobbit, baadhi zimeandikwa kuwa ndiyo mpya iliyovuja kabla studio haijafungwa. Filamu ambayo haijapigwa hata picha moja haiwezi kuvuja. Ndani ya diski hizo kuna kimoja katika vitu vitatu. Cha kwanza ni katuni ya mwaka 1977 ya Rankin/Bass iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni: dakika 77, michoro mitupu, nyimbo nyingi. Watoto wataifurahia, lakini muuzaji aseme ni katuni. Cha pili ni The Hunt for Gollum, kazi ya mashabiki wa Uingereza ya mwaka 2009, kiasi cha dakika 40, ambayo hutolewa bure kwenye intaneti. Cha tatu ni sehemu ya kwanza ya The Lord of the Rings iliyobadilishwa jalada. Ukimwona Bilbo ni mzee anasherehekea siku yake ya kuzaliwa, jua ndiyo hiyo, kwa sababu katika The Hobbit Bilbo bado ana nguvu zake na anasafiri na mbilikimo 13. Mzazi amwambie muuzaji aitie diski mashineni kabla ya kulipa, asome urefu wake kwenye kioo, aruke mpaka katikati atizame. Dakika mbili zinatosha.

Nakuomba basi, Ndugu Mhariri, mwandishi wa burudani akipata habari nyingine ya MGM aulize kwanza ni sura gani ya sheria, wadai wamekubaliana au la, na nani ana haki ya nini. Majibu yote yamo katika taarifa za mashirika ya habari ambazo gazeti lako hupokea kila siku. Na kama nafasi ni ndogo, kata sehemu yoyote ya barua hii, ila aya ya diski naomba itoke kabla ya Sikukuu.

Wako,
Mpenzi wa filamu,
Mlandege, Unguja
11 Novemba 2010