Barua kwa mwanangu: viringisha, usikunje

Mwanangu mpendwa,

Michoro yako miwili, ya pazia na ya mkoba vyenye seli za jua za kikaboni (utando mwembamba wa molekuli za kaboni unaogeuza mwanga kuwa umeme), imenifikia. Pazia la dirisha limenigusa moyo. Mkoba una kasoro, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu usiku huu.

Seli umezipitisha pale pale kifuniko kinapokunjwa. Ni kweli seli za jua za kikaboni hupinda, lakini kupinda si kukunjwa. Mimi mwenyewe niliwahi kushona utepe wa seli hizo kwenye begi, nikauacha uvuke mkunjo. Baada ya muda pakatokea mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Plastiki ya juu ilikuwa imepasuka, unyevu na oksijeni vikapenya, umeme ukafifia. Tabaka linalonasa mwanga lina unene wa nanomita 100 hivi; unywele wako unalizidi mara 500 au zaidi. Kinachoulinda utando huo ni ile plastiki tu.

Ndiyo maana pazia lako ni zuri: linaviringishwa. Lipe mrija mnene wa kuviringishia, ili seli zipinde kwa upole.

Sasa chukua kile kipande cha seli nilichokutumia, kielekeze kwenye mwanga. Unaiona ile mistari myembamba? Kila ukanda kati ya mistari ni seli moja, na zimeunganishwa mfululizo, mkondo ule ule unazipitia zote. Kivuli kikiufunika ukanda mmoja mzima, unawabana wenzake wote. Kwenye pazia umezisimamisha kanda wima, sambamba na fito za dirisha. Zilaze. Kivuli cha ufito kitagusa kila ukanda kidogo, na hakuna utakaozimwa.

Kuhusu rangi, usiichague kama mtu anayenunua kitambaa. Rangi unayoiona ni mwanga ambao molekuli hazikuumeza, na ndio utakaoangukia nyuso za waliomo chumbani.

Wanaokuambia seli hizi ni dhaifu wana hoja. Mwaka 1986 mwanasayansi Ching Tang alipoeleza seli yake ya tabaka mbili, ilibadilisha takriban asilimia 1 tu ya mwanga kuwa umeme. Leo maabara zimefika takriban asilimia 20, ingawa zinazouzwa ziko chini ya hapo. Lakini silikoni ngumu ya paneli za kawaida haikubali kuviringishwa dirishani. Kwenye maonyesho ya dunia ya Milan, Italia, ya 2015, banda la Ujerumani lilikuwa na miti ya kivuli iliyobeba seli za aina hii. Tafuta picha zake, uangalie nyaya zilivyopitishwa. Kwenye mchoro wako sijaona zinatokea wapi.

Nitumie mchoro mpya wa mkoba, mshono ukiwa mbali na seli.

Mzazi wako