Taarifa ya Mwenyekiti wa Kanda kwa Mwaka 2024, Pamoja na Hesabu za Kuukaribisha Mwaka 2025

Imesomwa mbele ya wanakanda, Bagamoyo, Jumapili 19 Januari 2025

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, Katekista, viongozi wa jumuiya 4 za kanda yetu, wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana, heri ya mwaka mpya. Tumshukuru Mungu aliyetuvusha.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitazirefusha. Sala za jumuiya za Jumamosi asubuhi ziliendelea. Njia ya Msalaba ilifanyika Ijumaa zote za Kwaresima. Rozari ya Mei ilianza kwa kusuasua kwa sababu ya mvua na Kimbunga Hidaya kilichofika pwani mwanzoni mwa mwezi ule, kisha ikatengemaa. Wagonjwa 11 walitembelewa, watoto 9 walipokea Komunyo ya Kwanza, ndoa 2 zilibarikiwa, na tulipata misiba 4. Usafi wa kanisa ulikwenda kwa zamu; jumuiya mbili zilikosa zamu zao na wanajifahamu.

Sasa niingie katika jambo ambalo najua limewaleta wengi leo, maana limesemwa sana sokoni na kwenye vibaraza kuliko lilivyosemwa kwenye kikao: fedha za rambirambi ambazo kamati ilizikopa kununulia sufuria za kanda.

Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukila chakula cha mwaka mpya usiku uleule wa mkesha, baada ya Misa, kwa kumlipa mpishi wa nje. Mkesha wa kuuingia mwaka 2024 tulilipa sahani 200 kwa shilingi 6,000, jumla 1,200,000. Tuliona wenyewe tulichopata. Pilau lilipikwa saa 3 usiku katika sufuria moja, likaliwa saa 7 na nusu. Mchele wote ule ukiwekwa katika chombo kimoja, moto wa chini hauwezi kuufikia wa juu kabla wa chini haujaungua: chini ukawa ukoko, katikati ukashikana kama bokoboko, juu ukabaki na kiini. Kachumbari ilikatwa mapema na kutiwa chumvi papo hapo, ikajaa maji na kuchachuka kwa joto hili letu la kaskazi. Chakula kilichokaa vuguvugu saa 4 na zaidi si salama, na waliougua tumbo tarehe 1 hawakuwa wachache. Wazee walirudi nyumbani saa 8 usiku kwa kubahatisha bodaboda, na watoto walibebwa wamelala bila kula.

Kwa hiyo nilipendekeza mambo mawili. Mkesha ubaki mkesha: kuabudu, Misa, kuimba Te Deum ya kuushukuru mwaka unaokwisha, watu wakalale. Chakula kiwe mchana wa tarehe 1, baada ya Misa ya Sherehe ya Maria Mama wa Mungu, na tupike wenyewe kwa vyombo vyetu. Pendekezo lilikuwa langu na silikani.

Vyombo vilihitaji fedha, na mfuko wa kanda haukuwa nazo, kwa sababu nitakazozieleza kwenye ada. Mfuko wa rambirambi ulikuwa na shilingi 1,140,000. Kamati ilikopa humo 615,000. Tulinunua sufuria 3 za lita 60 pamoja na mifuniko yake kwa 405,000, mafiga 3 ya chuma kwa 105,000, turubai la kukinga jiko kwa 75,000 na miiko mirefu 3 kwa 30,000. Risiti zote anazo mtunza hazina na zimebandikwa ubaoni tangu tarehe 15 Desemba.

Mnasema katiba yetu inairuhusu kamati kutumia 300,000 tu bila mkutano mkuu. Ni kweli. Ndiyo maana niliuitisha mkutano mkuu Jumapili ya Kristo Mfalme, 24 Novemba. Kaya zilizoandikishwa ni 64 na akidi ni 33. Walikuja 17. Nikauitisha tena Jumapili ya kwanza ya Majilio, 1 Desemba. Walikuja 21, na wanne kati yao waliondoka kabla ya sala ya kufungua. Tangazo lilisomwa kanisani mara tatu. Kamati ya watu 7 ikakaa, ikapiga kura, 5 wakakubali na 2 wakakataa, na waliokataa muhtasari umeandika sababu zao. Kungoja zaidi kungemaanisha kumlipa tena mpishi 1,200,000 ambazo hatukuwa nazo. Waliokuja mara zote mbili wana haki ya kuniuliza, na nitawajibu kwa saa nzima wakitaka. Ambao hawakuja hata mara moja nawaomba waanze na kuja.

Katika mji ambao misheni yake imesimama tangu 1868, kukosa watu 33 wa kukaa mkutanoni saa moja na nusu kumeniumiza sana.

Lipo pia suala la msiba wa Desemba. Imesemwa kuwa familia ilicheleweshewa rambirambi siku 3 kwa sababu fedha zilikuwa zimegeuzwa sufuria. Si kweli, na kwa heshima ya marehemu naliweka wazi. Baada ya mkopo mfuko ulibaki na 525,000. Kila msiba hutolewa 150,000, kwa hiyo zilitosha misiba 3. Kilichochelewesha ni sahihi za benki: kutoa fedha kunahitaji watia sahihi 2 kati ya 3, mmoja alikuwa safarini na mwingine alilazwa. Familia tumeiomba radhi kwa mdomo na kwa barua. Tangu hapo mtunza hazina anakaa na 150,000 taslimu nyumbani, kwa maandishi, kwa ajili ya msiba wa ghafla. Hilo nalo ni pendekezo langu.

Hesabu za sherehe ni hizi. Michango iliingia 1,020,000. Mchele na nyama vilichukua 400,800. Viungo, vitunguu, viazi na mafuta 148,000. Kuni na mkaa 60,000. Mananasi ya Kiwangwa na maji ya kunywa 100,000. Mahema na viti 160,000. Jumla 868,800, zikabaki 151,200. Sufuria zimeshakodishwa mara 2, harusi moja na hitima moja, kwa 60,000 kila mara. Zote hizo, 271,200, zimerudi rambirambi. Deni lililobaki ni 343,800, na mfuko leo, baada ya kutoa 150,000 za msiba wa Desemba, una 646,200.

Kuhusu upishi wenyewe, nawashukuru akina mama na vijana waliosimama kwenye moto tangu saa 12 asubuhi, na naomba utaratibu wao uandikwe usipotee. Kilo 36 za mchele ziligawanywa 12 kwa kila sufuria, na nyama kilo 10 kila moja. Mchele ulichambuliwa siku ya kuamkia, ukalowekwa nusu saa tu, ukachujwa. Vitunguu vilikaangwa mpaka vikawa kahawia iliyokolea, kwa kuwa rangi ya pilau inatoka hapo. Vikizidi vinakuwa vichungu na hakuna kiungo cha kuficha uchungu huo. Nyama iliyochemshwa ikafuata, kisha kitunguu saumu, tangawizi na viungo. Supu ilipimwa kwa ndoo, lita 17 kwa kila sufuria. Kipimo cha nyumbani hakifai hapa, kwani sufuria kubwa hupoteza maji kidogo sana kwa mvuke. Ukizidisha lita 3 unapata bokoboko. Mchele ukatiwa, na maji yalipolingana nao kuni zilivutwa nje, makaa yakapaliwa juu ya mfuniko, na kwa dakika 30 hakuna aliyeruhusiwa kufunua. Sufuria ya pili ilifunuliwa na kijana mmoja kwa hamu, na ndiyo iliyotoka na kiini juu. Ilibidi inyunyiziwe maji ya moto na kufunikwa tena. Kachumbari ilikatwa saa 6, chumvi na ndimu vikatiwa dakika ya mwisho. Saa 7 watu walikuwa wanakula, na walishiba.

Nyama ilinunuliwa bucha na mchinjaji ni Mwislamu, kama desturi yetu ya siku zote, ili majirani tuliowaalika wale bila wasiwasi. Kwa sababu hiyohiyo kamati imeamua kwamba nyama ya nguruwe haitapikwa kamwe katika sufuria hizi. Jirani aliyekodi kwa hitima ya mzazi wake ametuamini, na imani hiyo tuilinde. Kabla ya kuinjikwa kwenye kuni, sufuria zipakwe kwa nje majivu yaliyokorogwa na maji. Masizi hutoka kwa mkono. Zilizorudishwa kutoka harusini hazikupakwa, na vijana walizisugua nusu siku.

Waliohudhuria chakula cha tarehe 1 walikuwa 188, majirani wakiwemo. Hao ndio watu wetu. Lakini sala ya Jumamosi iliyofuata, tarehe 4, jumuiya zote 4 kwa pamoja zilikuwa na watu 39. Ndugu zangu, tunakula pamoja na hatusali pamoja.

Ada. Shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya, yaani 24,000 kwa mwaka, zingetupa 1,536,000. Zimeingia 766,000. Kaya 23 zimemaliza, 19 zimelipa sehemu, 22 hazijalipa hata mwezi mmoja. Najua Januari ni ya ada za shule, sare na kodi za nyumba. Lakini Juni haikuwa na ada za shule, na Juni ilikuwa mbaya kuliko Januari. Mwenye shida ya kweli amwone kiongozi wa jumuiya yake, atasamehewa kwa siri. Kaya 5 zimeshasamehewa hivyo na hazimo katika 22 hizo. Kila anayeuliza kwa nini tulikopa rambirambi, jibu ni 770,000 ambazo hazikulipwa.

Maazimio ya mwaka mpya mwaka huu hayakusomwa mbele ya watu. Hili nalo limelalamikiwa. Yaliyosomwa mwaka jana tuliyapitia Novemba: «kusali zaidi», «kupunguza hasira», «kusoma Biblia yote». Mawili ya kwanza hayakuweza kupimwa hata na wenyewe walioyaandika. La tatu lina vitabu 73 na sura zaidi ya 1,300, takribani 4 kila siku, na wengi walikwama Walawi kabla ya Pasaka. Azimio lililoshika lilikuwa la jumuiya moja, rozari kila Jumatano saa 12 jioni kwa nyumba zilizopangwa kwa majina, kwa sababu lina siku, saa na mwenye nyumba. Safari hii kila kaya imeandika kadi yenye azimio moja la sala, moja la familia na moja la jumuiya, kila moja likiwa na siku au idadi. Kadi ziko kwenye bahasha kwa viongozi wa jumuiya na zitafunguliwa na wenyewe tarehe 29 Juni, baada ya Misa ya Petro na Paulo. Kadi 41 zimerudi, 23 bado.

La kanda zima ni moja. Mwaka huu wa liturujia ni mwaka C, na Jumapili nyingi tunasikia Injili ya Luka. Ina sura 24. Tusome sura 2 kila mwezi katika jumuiya, Desemba tutakuwa tumemaliza.

Mbeleni tunatumaini kupata sahani za bati, ili tuache kuazima, na pengine kibanda cha jiko nyuma ya ukumbi, Mungu akijalia na fedha zikipatikana. Hija ya kutembea hadi msalaba wa ufukweni imezungumzwa, siku itapangwa. Deni la rambirambi naahidi litaisha kabla ya Pasaka, na kama kukodisha hakutatosha, kamati tutajichangia.

Mtunza hazina yuko chini ya mwembe na daftari lake mpaka saa 8 mchana. Risiti anatoa papo hapo.

Mwenyekiti wa Kanda