Mifumo ya AMCOS: safu za pamoja ziandikwe mara moja

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na vijana wanaotengeneza mifumo ya kompyuta ya AMCOS (vyama vya ushirika vya msingi vya mazao) za kahawa Mbozi na za chai Rungwe, hasa wanaotumia Django, zana ya kujengea mifumo kwa lugha ya Python.

Mfumo wa namna hiyo una majedwali ya wakulima, mapokezi, pembejeo na malipo. Yote yanahitaji safu zilezile: tarehe ya kuingizwa, tarehe ya kurekebishwa na aliyeingiza. Wengi huzinakili moja moja. Msimu ukiisha, huku safu inaitwa `tarehe_ingizo`, kule `iliingizwa`, na mkaguzi akitaka taarifa moja anakwama. Katika Django kila jedwali huelezwa na klasi, yaani kipande cha msimbo. Dawa ni klasi mama dhahania (isiyo na jedwali lake): safu ziandikwe humo, klasi nyingine, yaani watoto, zirithi.

Kosa linaloumiza ni kusahau `abstract = True` ndani ya `Meta`, sehemu ya mipangilio, ya mama. Django haitalalamika. Itaunda jedwali la mama na kulifunga kila jedwali la mtoto humo, kiasi kwamba kusoma risiti moja ya kilo 40 kunadai majedwali mawili yaunganishwe. Likigundulika baada ya mizani kuanza kazi, kurudi nyuma ni kuhamisha rekodi za wakulima, na hapo ndipo malipo ya watu hupotea. Kwa hiyo, baada ya `makemigrations`, amri inayoandaa mabadiliko ya majedwali, endesheni kwanza `sqlmigrate` msome SQL yenyewe, yaani maagizo yatakayopelekwa kwenye hifadhidata. Mkiona CREATE TABLE (agizo la kuunda jedwali) ya klasi mama, simameni.

Safu ya aliyeingiza nayo ina mtego. Mkiipa `related_name` (jina la kutoka kwa mtumiaji kurudi kwenye rekodi alizoingiza) moja isiyobadilika, watoto wote watagombea jina hilo na ukaguzi utatoa kosa fields.E304. Jina libebe vishika nafasi vya `app_label` na `class`, ambavyo Django hujaza kwa jina la programu na la klasi ya kila mtoto. Mtoto mwenye `Meta` yake airithi `Meta` ya mama, la sivyo `ordering`, mpangilio wa rekodi, hupotea kimya kimya. Na `db_table`, jina la jedwali, isiwekwe kwa mama kabisa, maana watoto wote wangetumia jina moja.

Kwa wanaotumia lugha ya Java na JPA, kanuni zake za kuhifadhi data kwenye majedwali, kosa hugeuka. Mama akikosa alama ya `@MappedSuperclass`, sehemu zake hazihifadhiwi: hakuna safu, hakuna onyo. Jedwali la zamani lenye jina tofauti la safu lisibadilishwe kwa ajili hiyo. Alama ya `@AttributeOverride` kwenye klasi ya mtoto, inayotaja jina hilo la safu, inatosha.

Bodi za AMCOS nazo, kabla ya kupokea mfumo, ziombe orodha ya majedwali yote na kuuliza kila moja linahifadhi nini.

Watengeneza mifumo,
Mbeya