Neno aliloandika mhadhiri wako

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Ng'ombe amezaa, dume tena. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mhadhiri ameandika neno moja tu pembeni mwa insha yako, "parochial", nawe ulipofungua kamusi ukakuta ni mtu wa mawazo finyu, asiyeona mbali na kwao. Ukakasirika. Ngoja kwanza nikueleze lilikotoka, maana Kilatini cha seminari ndogo sikukisoma bure.

Mzizi wake unaujua tangu utotoni: ni parokia hii hii ya matangazo ya Jumapili. Waingereza walilipata kupitia Kifaransa na Kilatini, lakini asili yake ni Kigiriki: para ni kando, oikos ni nyumba. Paroikos alikuwa mgeni anayekaa kando ya wenyeji, anaishi mjini mwao bila kuwa raia. Waraka wa kwanza wa Petro unawaita Wakristo hivyo. Biblia yetu imeandika "wapitaji". Baadaye Kanisa likapata majengo, mapadre na mipaka, na lile kundi la wapitaji likageuka kuwa eneo la kuchorwa kwenye ramani.

Uingereza ndiko mipaka hiyo ilikobana kwelikweli. Sheria ya mwaka 1601 iliitaka kila parokia itoze kodi na kuwatunza maskini wake. Sasa wewe fikiri: ukishatozwa kwa ajili ya maskini wa kwenu, maskini wa jirani akihamia utamtazamaje? Mwaka 1662 ikaja sheria nyingine. Mgeni aliyepanga nyumba ya chini ya pauni 10 kwa mwaka, akidhaniwa kwamba huenda akawa mzigo, aliweza kulalamikiwa ndani ya siku 40 tangu afike, mahakimu wawili wakaamuru arudishwe alikotoka. Wasichana wenye mimba waliondolewa haraka, mtoto asije akazaliwa hapo akawa wa parokia ile. Yaani jina la mgeni likawa jina la mahali panapofukuza wageni! Sishangai kwamba kufikia katikati ya karne ya 19 Waingereza walikuwa wakilitumia kwa fikra zisizovuka mpaka.

Si wote waliolikubali kuwa tusi, lakini. Patrick Kavanagh, mshairi wa Ireland, mtoto wa fundi viatu wa Monaghan, alilitetea. Kwake yeye aliyepotea ni yule mtu wa mkoani anayeutazama mji mkuu kila saa ili ajue awaze nini. Mtu wa parokia hana shaka kwamba kwao panastahili kuandikwa. Nampenda kwa hilo, ingawa naona alizidisha kidogo. Hapa kijijini tunao watu wasio na shaka na chochote, na hakuna anayewasifu.

Tuje kwenye insha yako. Kuandika kuhusu kahawa ya kwetu Kibosho si kosa. Ila kahawa yetu huuzwa mnadani Moshi, na bei ya mnada hutazama soko la New York. Mwaka 1989 mfumo wa mgao wa kahawa wa kimataifa, uliopangia kila nchi kiasi cha kuuza nje, ulipovunjika, bei ilianguka dunia nzima, na huku wapo waliong'oa mibuni wakapanda nyanya. Kama umemlaumu mwenyekiti wa chama cha ushirika peke yake kwa mibuni iliyong'olewa, mhadhiri ana hoja, umsikilize. Kama uliifuata kahawa hadi New York, naye akaishia kwenye jina la kijiji, basi mwenye mawazo finyu ni yeye, na una ruhusa yangu kumwuliza, kwa adabu, alisoma hadi ukurasa wa ngapi.

Nitumie insha nzima, si ule ukurasa wenye neno hilo tu. Ada ya muhula wa pili nimeituma Jumatatu. Ikifika niambie ni kiasi gani hasa, kwa sababu benki wamekata makato nisiyoyaelewa.

Baba yako